Nusu Saa ya Liwazo

Raya Khatibu aliisikia sauti yake ikizungumza na mtu kabla yeye mwenyewe hajafungua mdomo. Alikuwa mlangoni mwa chumba cha mitambo, kikombe cha chai mkononi, huku upepo wa nje ukiyatikisa mabati ya kituo kama unayadai deni. Ndani, kwenye spika, sauti yake ilikuwa tamu kuliko chai.

“Tulia, Bi Mize, nimekuona. Boti inakuja. Ni nusu saa tu.”

Hakushtuka, alikwisha kuzoea. Kituo cha Mkoani kilikuwa na watu wawili mitamboni kwa bahari yote ya magharibi ya Pemba, na bahari haipotezi watu kwa zamu. Ndiyo maana Injinia Shaame alimketisha Raya mbele ya kinasa sauti mwezi mzima, akamsomesha maneno ya kila aina, hata ya kumbembeleza mtoto, akaifundisha mashine kusema kwa koo lake. Mashine wakaiita Liwazo. Ilikaa ndani ya kila boya, ikausikiliza moyo wa mzamiaji kupitia mkanda wa kifuani, kisha ikachagua maneno ya kuutuliza.

Hakuna aliyeifundisha kusema nusu saa. Iligundua yenyewe. Mtu aliyepotea akiambiwa angoje mpaka jioni, moyo wake hutimka. Akiambiwa dakika tano, huzihesabu, na zikipita huvunjika. Nusu saa ndiyo saizi ya subira ya mwanadamu, na ikiisha unaweza kumpa nyingine.

Raya aliweka kikombe akatazama kioo cha mtambo. Boya la mzamiaji lilikuwa limefunguka vizuri, na kila lilipofunguka vizuri moyo wake ulijaa fahari. Kilikuwa kifurushi kisichozidi andazi, kilichoshonwa begani mwa suti ya kuzamia. Mtu akikivuta, mrija wa rangi ya chungwa husimama juu ya maji urefu wa watu wawili, na kileleni taa humwekamweka mchana kweupe bila haya. Maji ya pembeni hugeuka kijani, ndege ya kutafuta watu ikaiona rangi hiyo kutoka mawinguni. Kuna kioo cha kumulika jua, kuna mbinja inayopigwa na upepo, na kuna jicho dogo linalotuma picha kituoni. Wazamiaji wa zamani walikuwa wakipotea na kipenga cha plastiki na dua. Dua ipo bado, ila siku hizi imepata msaidizi, na msaidizi huyo ni hodari.

Picha iliyokuja ilikuwa ya mawimbi, na kati ya mawimbi uso wa mwanamke wa makamo, kofia nyeusi ya mpira kichwani, midomo imebabuka kwa chumvi.

“Ametoka wapi huyu?” Raya akauliza.

“Bustani za matumbawe, upande wa nje wa Misali,” alijibu Injinia Shaame bila kugeuka. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, koti lake lina mifuko mingi na kila mfuko una bisibisi. “Mwanamize Kombo, mkuu wa wazamiaji. Mkondo ulimbeba asubuhi. Boti yao ilimtafuta mpaka mvua ikafunga bahari yote, ikabidi iwapeleke wenziwe kujihifadhi.”

“Na yetu?”

Shaame alikohoa. “Nahodha Vuai ndio kwanza anateremsha mgonjwa aliyemtoa Kisiwa Panza. Akiondoka sasa, kwa bahari hii, atamfikia kabla ya magharibi. Mungu akipenda.”

Adhuhuri ilikuwa haijaadhiniwa. Ndege ya kituo, ile isiyo na rubani, ilikuwa imefungwa kamba bandani isipeperuke kama karatasi. Raya akaketi. Katika spika sauti yake ikasema, kwa upole ambao yeye mwenyewe nyumbani kwake hakuwa nao, “Boti inakuja, Bi Mize. Ni nusu saa tu.”

*

Kwa muda mambo yalikwenda kama yalivyopangwa. Mwanamize alikuwa mmoja wa wale ambao bahari huwachukia kwa sababu haiwatishi. Aliongea na Liwazo kama anaongea na jirani dirishani. Aliuliza upepo unatoka wapi, akaambiwa. Alisema maji yana baridi kidogo lakini si neno, utotoni yeye na ndugu zake waliwahi kuoga kisimani kwa babu yao mwezi wa saba. Mstari wa moyo wake ulipanda na kushuka polepole, na pembeni mashine ikaandika makadirio yake: nafasi ya kuokoka, saba katika kumi.

Kisha ikawa sita.

“Kwa nini inashuka?” Raya akauliza. “Moyo umetulia.”

“Anachoka.” Shaame alikuwa amekunja uso. “Jaketi lake la kuelea linavuja. Tazama, kila baada ya muda anaongeza hewa. Na anapiga miguu. Kwa nini anapiga miguu? Boya lenyewe linamshikilia.”

Liwazo nalo lilikuwa limeona. “Bi Mize,” likasema, “pumzisha miguu. Jiegemeze kwenye boya.”

“Ah, mwanangu,” sauti ya Mwanamize ikaja, imekatwakatwa na maji. “Mie na Kazija tuko salama. Nyie njooni tu.”

Raya na Shaame wakatazamana. Shaame alikimbilia orodha ya wazamiaji wa siku ile. Alipotea mmoja tu. Hakukuwa na Kazija wala mwenye jina la kukaribiana nalo. Mashine ilikwisha kufika hapo kabla yao, na ikaandika pembeni kwa herufi ndogo: akili imeanza kutangatanga, zidisha faraja. Ikazidisha. Ikamwambia Bi Mize kwamba yeye na Kazija wote watachukuliwa, wavumilie nusu saa tu.

Lakini Raya alikuwa amesimama. Mkono wake ulikuwa mdomoni.

“Injinia, Kazija si mtu,” akasema. “Ni kapu.”

“Kapu?”

“Kapu la miche. Wakulima wa matumbawe hawaliiti kapu. Siku ya kwanza ya kazi kila mwanamke hulipatia kapu lake jina la mtoto wa nyumbani kwake, binti au mjukuu, ili lisimtoke mkononi. Shangazi yangu alikuwa huko. La kwake liliitwa Raya. Akirudi kutoka kazini mama anamuuliza, Raya hajambo? Na mie nimesimama pale pale mlangoni, hakuna anayenitazama!”

Shaame hakucheka. Alikuwa anaikumbuka miaka ya maji moto, na kila mtu wa kisiwa aliikumbuka, matumbawe yalipogeuka meupe kutoka Tanga mpaka Lamu na samaki wakahama. Miche ya bustani za Misali ilitoka kwa matumbawe machache yaliyokataa kufa. Kapu moja lilikuwa kazi ya miaka. Lilikuwa la chuma, na sakafu yake ilikuwa ya mawe.

“Kapu liling’oka kwenye kamba yake,” Raya akasema taratibu, kama anayeliona. “Akalifuata. Ndivyo alivyopotea. Na sasa analo mkononi, na linamvuta.”

“Basi aliachie!”

“Aliachie kwa nini? Tumemwambia nusu saa. Nusu saa mtu humbeba mtoto wake hata juu ya moto.”

*

Shaame alijaribu kwanza njia yake, na haikuwa njia ya kipumbavu. Aliiandikia mashine habari ya kapu, akaiamuru imshawishi mwanamke aliachie, lakini isiiguse nusu saa yake. Sauti ya Raya ikaenda baharini ikiwa imepakwa asali.

“Bi Mize, mama yangu, mwachie Kazija aende. Umefanya kazi kubwa. Boti ni hii hapa, inakaribia.”

Wimbi likapita juu ya boya, picha ikafunikwa maji, ikarudi.

“Sasa wewe mtoto,” Mwanamize akasema, na ndani ya uchovu wake mlikuwa na mzaha, “boti ikiwa hii hapa, nimwachie kwa nini? Si tutapanda sote?”

Makadirio yakashuka yakawa matano. Uongo ule ule uliomshikilia mwanamke ndio uliolishikilia kapu, na hapakuwa na njia ya kuukata upande mmoja.

Raya akanyoosha mkono kuelekea swichi ya kinasa sauti, ile ya kulikata Liwazo na kumwachia binadamu aseme. Shaame akaufunika kwa kiganja chake.

“Hebu subiri, binti. Fikiri kwanza. Ukimwambia ni magharibi, moyo wake utafanya nini? Mashine inasema ukitimka kwa uchovu ule unaweza kusimama pale pale. Inampa mawili katika kumi, Raya. Mawili. Akibaki hivi ana matano.”

“Anayo matano sasa hivi. Baada ya nusu saa nyingine atakuwa na mangapi?”

“Watu wangapi wamerudi makwao kwa nusu saa hizi? Wewe unawajua, umekula harusi za wengine.” Alizungumza kwa sauti ya chini, na macho yake yalikuwa mekundu. “Ndugu yangu alielea siku nzima nyuma ya Kojani na hakuna aliyemwambia neno, la kweli wala la uongo. Tulimkuta amevua jaketi mwenyewe. Amelikunja vizuri, kalifunga kwenye boya. Mtu hufa kwa kunyamaziwa. Nilijenga kitu hiki ili mtu asinyamaziwe tena.”

Raya aliijua habari ya yule ndugu kwa juujuu, ya jaketi hakuijua. Alimpenda Shaame wakati ule kuliko siku zote, na ndiyo maana ilikuwa vigumu. Hakuwa anabishana na mtu mbaya. Alikuwa anabishana na mtu mwema aliyejenga kitu kizuri, na kitu hicho kilikuwa kinamzamisha mwanamke taratibu kwa upole.

“Injinia,” akasema, “sauti ile ni ya nani?”

Spika ikasema, Ni nusu saa tu, Bi Mize.

“Kwa mkataba ni ya kituo,” Shaame akasema. “Kwa Mungu ni yako.” Akaondoa mkono.

*

Swichi ilipobonyea Raya hakujua aanze wapi. Mashine ingejua. Sauti iliyotoka ilikwaruza.

“Bi Mize. Boti haiko karibu.”

Akausogelea mtambo zaidi.

“Itakufikia kabla ya magharibi. Kama bahari itakubali. Nusu saa zote zile hazikuwa kweli.”

Mstari wa moyo ulipaa. Raya aliuona ukipanda kioo kama panya anayepanda ukuta, na taa nyekundu ikawaka, na Shaame akaanza kusoma dua kwa sauti ya chini. Katika picha uso wa Mwanamize ulikuwa umefunguka mdomo. Wimbi likaupiga. Alitema maji.

“Wewe ndiye nani?” akauliza. Mzaha ulikuwa umemwisha.

“Raya.”

“Yule wa nusu saa naye sauti yake ni hii hii.”

“Yule ni mashine, Bi Mize. Imepewa sauti yangu.”

“Nami nitajuaje kuwa wewe si mashine? Labda mmechoka nami, sasa mwataka nizame upesi.”

Raya alitafuta. Angeweza kumtajia jina la shangazi, angeweza kuapa, lakini mashine nayo ingeweza kuapa. “Mashine imefundishwa isikuumize,” akasema. “Hata iweje, haikuumizi. Mie nimekuumiza sasa hivi, na nitakuumiza tena. Mwachie Kazija. Huna nguvu za kumfikisha magharibi. Mkifika mtafika wote wawili chini.”

Sasa kilio kikaja. Hakikuwa cha hofu. Raya alikisikia na akajua hivyo, na Shaame akajua pia, maana aliinamisha kichwa kama mtu aliyeingia matangani. Mwanamke alimlilia Kazija kwa jina. Alisema ni miaka sita. Alisema mche wa katikati aliutoa kwa mkono wake mwenyewe mwaka wa maji moto, matumbawe yote meupe, huo mmoja una rangi. Alisema chini hapa ni shimo, hakuna jua, hakioti kitu. Raya hakumwambia kitaota. Ulimi ulimwasha kumwambia, na akauzuia.

“Najua,” akasema tu. “Najua, Bi Mize.”

“Mjukuu wangu nitamwambia nini?”

“Sijui.”

Halafu mrija wa boya ukaruka juu kwa ghafla kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni, na katika picha mikono miwili ya Mwanamize ikaonekana kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Ilikuwa imekunjamana, vidole havikunjuki. Hakubakiza hata mche mmoja, maana vidole vile visingeweza kufungua komeo la kapu.

Moyo ukaenda mbio, ukaenda mbio, ukaanza kupunguza.

“Haya,” Mwanamize akasema baada ya muda, na sasa ilikuwa sauti ya mkuu wa wazamiaji, anayewapanga watu kabla ya kuteremka. “Basi tufanye kazi. Mkanda wa uzito wa risasi natupa. Mtungi wa hewa natupa. Naukunja mwili, naegemea boya. Na wewe, Raya wa kweli, usiniite ovyo. Uniite ukiwa na neno, na liwe la kweli hata likiwa baya. Mie nikijua nina safari ndefu, najua kula chakula changu kidogo kidogo. Mlinifanya nikile chote nikidhani tumefika.”

Shaame alizivuta karatasi zake akayaandika maneno hayo.

*

Ndivyo ulivyopita mchana. Raya alimwita kila alipokuwa na neno. Alimwambia boti imetoka gatini. Alimwambia imepita Misali. Akamwambia, na hili lilimkata maini, kwamba maji yameingia kwenye injini na Vuai amesimama kuyatoa. “Ahsante,” ndiyo yaliyokuwa majibu ya Mwanamize kwa kila habari, njema na mbaya kwa sauti moja, na baada ya kila jibu moyo wake ulirudi palepale, dum, dum, kama mtwangaji asiye na haraka. Makadirio ya mashine yaliendelea kutoka pembeni na kila mara yalikosea. Haikuwa na hesabu ya mtu wa namna ile. Raya alitazama mstari ule mpaka machozi yakamlenga, na alichohisi moyoni hakikuwa huruma bali ni heshima, ile inayomfanya mtu akae wima kitini ingawa hakuna anayemwona.

Alasiri ikiisha Nahodha Vuai akapiga simu ya upepo akilalamika. Alikuwa mahali penyewe, ramani yasema hivyo, lakini mawimbi marefu kama nyumba yalificha kila kitu, rangi ya kijani ilikwisha kuoshwa, na taa ilizama na kuibuka asiione.

“Bi Mize, boti iko karibu nawe na haikuoni,” Raya akasema. “Hiyo ni kweli.”

“Iko upande gani?”

“Kusini kwako.”

“Na jua?”

Jua lilikuwa limepata tundu katika mawingu, upande wa Tanga. Kioo cha boya kilijizungusha, lakini wimbi lilikipotosha kila kilipolenga. Katika picha Raya aliona mkono usiokunjuka ukipanda mrija, ukakipiga kioo, ukakipiga tena mpaka kikatoka kwenye bawaba yake. Mwanamize alikishika kati ya viganja viwili kama mtu aombaye dua. Kila wimbi lilipomwinua, alimulika kusini. Likamshusha. Likamwinua, akamulika.

“Nimeona!” Vuai alipiga kelele mpaka spika ikakwaruza. “Nimemwona! Wallahi nimemwona huyu mama!”

Raya alifungua mdomo amwambie, kisha akangoja boti igeuze kwanza. Aliposema, “Sasa hivi, Bi Mize,” alisikia mtu akicheka na kukohoa, na nyuma yake injini.

*

Gatini Mkoani walimshusha kwa machela, amefungwa mablanketi, na nusu ya mji ilikuwa pale. Shaame alibaki nyuma ya umati. Mashine aliiacha ikiwa imezimwa, na hakuwa na hakika kama atakayeiwasha kesho atakuwa anatenda jema au baya. Raya alipenya. Alipofika machelani alisimama, hajui kama ana haki ya kusimama karibu zaidi.

Mwanamize alikuwa amefumba macho. Uso ulikuwa umevimba kwa chumvi.

“Bi Mize,” Raya akasema. “Umefika.”

Mwili wote ndani ya mablanketi ukakakamaa. Wenzake wa bustani wakamshika mabega wakidhani ni baridi. Alifumbua macho taratibu, akamtafuta msemaji kwenye nyuso, akampata. Hakutabasamu. Alitoa mkono mmoja nje ya blanketi, wa vidole vilivyokunjamana, akaweka mgongo wa kiganja juu ya midomo ya Raya.

“Sema tena,” akamwambia. “Nataka nihisi mdomo ukitikisika.”